Jino Lililogoma Kupona

Kijana nitakayewasimulia hayupo, nimemtunga mwenyewe. Jino lake, hata hivyo, ni la kweli. Mkitembea sokoni Katoro, au mkasimama stendi ya Kahama, mtaliona kinywani mwa mtu huyu au yule anapocheka: jino la mbele, la juu, limegeuka kijivu huku ya jirani yake yakiwa meupe. Ukimuuliza atakwambia, "Hili liligongwa zamani, wala haliumi." Basi hadithi yetu inaanzia hapo hapo, kwenye jino lisilouma ambalo ndani lilishakufa.

Alikuwa na miaka 13. Ametumwa maji kwa baiskeli, madumu mawili nyuma, akashuka kilima kwa fujo za umri ule mpaka gurudumu la mbele likaingia mferejini. Akaangukia usukani. Mdomo ulivimba, damu ilitoka, jino likalegea kidogo. Mama yake alimpa maji ya chumvi asukutue. Wiki mbili baadaye jino likakaza, uvimbe ukaisha, na watu wakaendelea na maisha yao.

Alipofika kidato cha tatu, kipele kidogo kiliota kwenye ufizi, juu ya lile jino. Akakibonyeza mbele ya kioo, kikatoa usaha wenye ladha mbaya, kikanywea. Wiki chache zikapita, kikarudi. Mama akanunua amoksilini duka la dawa, kikapotea, kikarudi. Jirani akashauri karafuu, na karafuu kweli ilituliza. Jirani mwingine akataja maji ya betri, na hapo nampongeza mama kwa kukataa, kwani tindikali ile huunguza ufizi na kulila jino bila kuugusa ugonjwa wenyewe. Kipele kikarudi tena.

Nisitishe kidogo niseme jambo kuhusu rangi, maana wasomaji wa Shinyanga watakuwa wameanza kujitazama kwenye vioo. Meno yenye madoa ya kahawia tangu utotoni ni habari nyingine kabisa. Sehemu za Shinyanga zina visima vyenye floraidi nyingi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, meno huota na madoa. Ndiyo mojawapo ya sababu watu walifurahi mwaka 2009 bomba la maji ya Ziwa Victoria lilipofika Kahama na Shinyanga. Meno ya namna hiyo yana madoa, mengi yako hai kabisa. Jino moja lililogeuka kijivu peke yake, tena baada ya kugongwa, ndilo la kutiliwa shaka.

Sasa tushuke ndani. Kwa watoto wa ukanda wa dhahabu kazi yangu ni nyepesi, kwa sababu mmeshaona duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Mnajua linavyochimbwa wima, linavyoshikiliwa na matimba kuta zisiporomoke, watu wanavyoshuka kwa kamba, na kule chini njia zinavyogawanyika kufuata mwamba wenye dhahabu. Aliyesimama juu anaona mdomo wa shimo tu. Hawezi kukwambia chini kuna matawi mangapi.

Jino ni duara hilo. Nje kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Chini yake dentini. Katikati kabisa kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kiini hicho hushuka ndani ya mzizi kwa njia nyembamba mpaka kwenye ncha, huko ndani ya mfupa wa taya. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mmoja wa Zürich, Walter Hess, alisukuma mpira laini ndani ya meno yaliyong'olewa, akaugandisha kwa joto, kisha akayayeyusha meno yenyewe ukabaki mpira peke yake. Madaktari waliotarajia kuona bomba moja lililonyooka waliona matawi: njia zinazoachana na kukutana tena, vichochoro vinavyotokeza ubavuni, na karibu na ncha mgawanyiko mithili ya mto unapokaribia bahari. Wengi wao hawakupenda walichokiona. Walikuwa wamekwisha kuwaambia wagonjwa kwamba wanasafisha njia yote.

Kijana alipoangukia usukani, jino lilisukumwa, na mishipa membamba inayoingilia kwenye ncha ya mzizi ikakatika. Kiini kikakosa damu, kikafa kimya kimya. Mabaki ya damu na nyama iliyokufa yakapenya ndani ya dentini. Rangi ya kijivu ilitoka huko. Na kwa kuwa jino lililopata pigo huwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, bakteria wa mdomoni wakapata pa kuingilia.

Hivi ni bakteria kweli, au ni kile kiini kilichokufa ndicho kinachooza na kuleta usaha? Watu walibishana sana. Mwaka 1965, nchini Marekani, Kakehashi na wenzake Stanley na Fitzgerald walimaliza ubishi huo kwa kutumia panya. Walikuwa na panya wa kawaida, na panya wengine waliolelewa tangu kuzaliwa ndani ya vyumba visivyo na kidudu hata kimoja. Wakawatoboa meno wote mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi, chakula kikawa kinajishindilia humo. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa na majipu yakaota kwenye ncha za mizizi. Panya wasio na bakteria, pamoja na uchafu wote ule wa chakula, viini vyao viliendelea kuishi, tena vikajenga dentini mpya kuziba tundu. Nikisoma habari za utafiti huo bado nashangaa urahisi wake. Palihitajika tu mtu wa kuwalea panya kwa usafi wa ajabu.

Kwa hiyo adui ni bakteria, na mama alinunua dawa inayoua bakteria. Mbona haikutosha?

Fuateni njia ya kidonge. Ukikimeza kinakwenda tumboni, kinaingia kwenye damu, na damu inakipeleka kila inakofika yenyewe. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Mishipa ilikatika siku ile ya baiskeli. Kidonge kinawafikia bakteria waliotoka nje ya mzizi na kuvamia mfupa, kinawaua au kuwapunguza, kipele kinanywea, mama anamshukuru Mungu. Waliobaki ndani ya duara hawakuguswa. Wanazaana, wanamwagika tena kupitia ncha, na mzunguko unaanza upya. Unaweza kununua amoksilini mwaka mzima na hesabu ikabaki pale pale, huku ukiwafundisha bakteria wengine wa mwilini mwako kuizoea dawa.

Mwili nao haukai kimya. Kwenye ncha ya mzizi hukusanya chembe nyeupe za damu kwa wingi, na ili zipate nafasi ya kupigana, mwili huuyeyusha mfupa wake wenyewe mahali pale na kujaza nyama laini nyekundu. Kwenye picha ya eksirei mfupa huonekana mweupe. Pale ulipoyeyuka huonekana doa jeusi limening'inia kwenye ncha ya mzizi. Usaha ukizidi hujichimbia njia kwenye mfupa mpaka ufizini, na huko hutokeza kile kipele. Maumivu makali huja pale usaha unapokosa pa kutokea. Kipele kikiwa kimetoboka mgonjwa hasikii kitu, na kwa sababu hasikii kitu haendi hospitali.

Nami siwasimulii haya kwa ajili ya jino la mbele tu. Meno ya nyuma ya chini yana mizizi iliyo jirani na nafasi zinazoshuka kuelekea shingoni. Usaha ukiingia humo, sakafu ya mdomo huvimba, ulimi husukumwa juu, na mtu anaweza kukosa hewa. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hata leo unaua. Ukimwona mtu mwenye jino bovu amevimba chini ya kidevu, ana homa, anashindwa kumeza mate, sauti imebadilika, huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huo huo, bila kusubiri gari la asubuhi.

Turudi kwa kijana. Shangazi yake aliyeko Geita mjini alimpeleka kwa daktari wa meno. Kijana akaingia, akaamkia, "Shikamoo, dokta." Dokta, mama wa makamo, akaitikia marahaba, akamkalisha, akampiga eksirei, akawaonyesha doa jeusi. Shangazi akasema kwa uhakika wa watu wazima: "Basi ling'oeni, dokta, yaishe."

"Tunaweza kuling'oa, dada," dokta akasema. "Lakini ni jino la mbele, na mwanetu ana miaka 16. Tukilisafisha ndani linaweza kubaki."

Ndiyo tiba ya mzizi, ambayo mitaani huitwa kuua mshipa, ingawa mshipa huu ulikuwa umekufa miaka mitatu. Daktari hutoboa tundu dogo nyuma ya jino, anashuka kwa visindano vyembamba, anakwangua kuta za ile njia na kuisuuza kwa dawa ya klorini, ya jamii ile ile inayong'arisha nguo nyeupe. Ikishakauka anaijaza gataparka, utomvu wa miti ya Malaysia unaolainika kwa joto. Utomvu huo una historia yake hapa kwetu: waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar mwaka 1879 ulikuwa umevikwa gataparka, kwa sababu maji ya chumvi hayaipenyi. Kitu kilichozuia bahari isiingie kwenye waya ndicho kinachozuia mate yasiingie kwenye mzizi.

Mara nyingi tiba hii inatosha. Doa jeusi hufifia, mfupa hurudi, na habari huishia hapo. Kwa kijana wetu kipele kilikaa kimya miezi minane, kikarudi.

Msikimbilie kumlaumu dokta. Kumbukeni mpira wa Walter Hess. Kisindano hufuata njia kuu. Vichochoro vya karibu na ncha hakiviingii, na dawa ya kusuuzia haifiki kila kona. Humo wanaweza kubaki bakteria kama Enterococcus faecalis, ambaye huvumilia njaa ndefu na kustahimili dawa zinazowamaliza wenzake. Wengine hujijengea utando wa ute nje kabisa ya mzizi, juu ya ncha yenyewe, mahali ambapo anayeshuka kutoka juu hawezi kupafikia hata akiwa hodari namna gani. Pengine ile nyama laini imegeuka kifuko chenye kuta zake na maji ndani, na kifuko hicho hakina haja tena na bakteria ili kiendelee kuwepo.

Wachimbaji wana busara yao juu ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Hawautupi. Wanauita marudio, wanauuza, na wenye mitambo wanapata humo dhahabu iliyowaponyoka wa kwanza. Madaktari wa meno nao huanza na kurudia: wanaitoa gataparka ya zamani, wanasafisha upya, wanajaza upya. Ndiyo hatua inayofaa kwanza panapowezekana. Lakini iko siku kurudia hakuwezekani, au kumefanyika na kipele bado kipo. Labda juu ya jino pameshajengwa kofia imara yenye nguzo iliyozamishwa mzizini, na kuing'oa kutaupasua mzizi. Labda kipande cha kisindano kimekatikia ndani. Siku hiyo daktari huacha mdomo wa duara, akaenda kulifikia upande wa chini.

Wazo ni la zamani. John Farrar wa New York aliandika juu ya kukata ncha za mizizi mwaka 1884. Katika miaka ya 1890 Carl Partsch, daktari wa mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław nchini Polandi, aliupanga upasuaji huo hatua kwa hatua. Ni miaka ile ile Wajerumani walipokuwa wakizunguka nchi ya Geita na nyundo zao wakitafuta mwamba wenye dhahabu. Mgodi mkubwa ulifanya kazi huko kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ukalala, mgodi wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Upasuaji wa mizizi nao ulikuwa na miaka yake ya kuchechemea, na nitawaambia kwa nini.

Tuseme kijana wetu alipewa rufaa, akavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilometa 3 lililofunguliwa Juni 2025 na kuwapunguzia watu wa Geita foleni ya kivuko, mpaka Mwanza, na akampata bingwa mwenye vifaa. Haya ndiyo yanayofanyika.

Kwanza sindano ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ijibane na daktari aone anachofanya. Mgonjwa yuko macho. Atasikia kusukumwa na mngurumo; maumivu hayatakiwi kuwepo, na akiyasikia anyanyue mkono, aongezewe ganzi. Ufizi hukatwa kwa kisu chembamba na kunyanyuliwa juu taratibu pamoja na ngozi inayoufunika mfupa. Mara nyingi mfupa uliopo chini yake umeshatobolewa na usaha. Kama bado, daktari anafungua dirisha la milimita chache huku maji yakimwagika muda wote. Maji hayo si ya kuosha tu. Mfupa ukipashwa nyuzijoto 47 kwa dakika moja, chembe zake huanza kufa, na keekee isiyopozwa hufika huko upesi sana.

Dirisha likifunguka, ile nyama nyekundu hukwanguliwa yote. Kisha ncha ya mzizi inaonekana, na daktari hukata milimita 3. Kipimo hicho kina sababu: matawi mengi ya njia ya mzizi yamejazana kwenye milimita 3 za mwisho, na ukizikata umeondoa karibu yote. Mzizi wa jino la mbele la juu una urefu wa kama milimita 13, kwa hiyo unabaki wa kutosha kulishikilia jino kwenye taya.

Hapa ndipo wa zamani walipochechemea. Walifanya kazi kwa macho matupu, ndani ya tundu dogo lenye damu. Ili waone uso wa mzizi walilazimika kuukata mshazari, nyuzi 45, na mkato wa mshazari huacha vijitundu vingi vya dentini wazi na pengine njia nzima upande wa nyuma bila kuguswa. Keekee zao zilikuwa kubwa mno kuingia kwenye ncha, wakatoboa pembeni. Katika miaka ya 1990 wapasuaji wa meno walianza kutumia hadubini ya upasuaji na vioo vidogo sana, wakaweza kukata karibu mraba kabisa, wakapaka rangi ya buluu ya methilini ili nyufa na njia zilizofichika zijitokeze, na wakapata ncha zinazotikiswa na mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, za kuchimba njia kwenda juu ndani ya mzizi milimita nyingine 3. Wachambuzi waliokusanya tafiti za pande zote mbili mwaka 2010 walikuta mbinu za zamani zilifaulu kwa asilimia 59, na za hadubini kwa asilimia 94. Mimi nikisikia mtu anasema "upasuaji wa mzizi hausaidii", huwa nauliza alifanyiwa mwaka gani na kwa vifaa gani.

Kile kishimo cha milimita 3 lazima kizibwe, na kwa muda mrefu kilizibwa kwa zebaki. Naam, zebaki ile ile mnayoijua, inayomiminwa kwenye karai ikakamata chembe za dhahabu, kisha ikachomwa mpaka ikageuka moshi unaodhuru ubongo na figo za aliyeuvuta. Ule mchanganyiko wa fedha wanaozibia meno, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye sumu ya zebaki. Mkataba huo unawabana wachimbaji wadogo na madaktari wa meno kwa pamoja, na Tanzania ni mwanachama wake. Ndani ya taya, zebaki ile ilikuwa na kasoro nyingine: ilivuja pembeni na kuacha ufizi na doa la bluu iliyokolea.

Wengine waliziba kwa oksidi ya zinki iliyochanganywa na mafuta ya karafuu, dawa iliyomo kwenye tiba ya yule jirani wa kwanza. Alikuwa na hoja. Mafuta ya karafuu hutuliza neva kweli, na madaktari wameyatumia miaka mingi, ila hayawezi kuingia yenyewe ndani ya mzizi kutoka ufizini.

Kilichoziondoa dawa zote hizo ni saruji. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, wakiongozwa na Mahmoud Torabinejad, walitangaza dawa inayoitwa MTA. Sehemu yake kubwa ni saruji ya kawaida ya Portland, iliyosafishwa sana na kuongezwa oksidi ya bizmuti ili ionekane kwenye eksirei. Fundi yeyote wa ujenzi atawaambia saruji haikimbii maji, inayahitaji ili igande, na humo mzizini siku zote ni majimaji. Dawa nyingine ziliharibiwa na damu. Hii inagandia humo humo. Kuna zaidi: mfupa na nyuzi zinazoshikilia jino huota juu yake, jambo ambalo hazikufanya kwa zebaki. Sasa msiende kuchota kwenye mfuko wa saruji pale site. Ile ina metali nyingine zisizotakiwa mwilini, na chembe zake ni kubwa mno.

Baada ya kuziba, picha moja ya kuhakikisha, ufizi unarudishwa mahali pake na kushonwa kwa nyuzi nyembamba zinazotolewa baada ya siku chache. Mdomo utavimba. Barafu iliyofungwa kitambaani inasaidia siku ya kwanza, chakula laini pia, na sigara ni mwiko. Kosa la wagonjwa wengi wa umri wenu ni kunyanyua mdomo kila saa kuwaonyesha rafiki mshono. Kila ukinyanyua unauvuta. Mfupa hauna haraka. Daktari atataka picha baada ya miezi 6, nyingine baada ya mwaka, na mara nyingine doa jeusi huchukua zaidi ya hapo kufutika.

Sitawadanganya kwamba haya yanapatikana kila wilaya. Vituo vyetu vingi vya afya vina koleo kabla ya kuwa na hadubini, na mtu akifika na jino lenye usaha, linalofanyika mara nyingi ni kung'oa. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wake wa meno hapa nyumbani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mabingwa wanaofundishwa Muhimbili bado ni wachache na wengi wako mijini. Kwa ukanda wetu rufaa huelekea Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima Mwanza tangu mwaka 1971. Nauli, siku za kazi zilizopotea na gharama za tiba huwaondoa wengi njiani. Kung'oa nako ni tiba halali. Mzizi ukishapasuka kwa urefu, au mfupa ukishaliwa mno, hata bingwa mwenye hadubini atakung'olea. Meno ya nyuma yana ugumu wake pia, kwani ya chini yako jirani na neva kubwa ya taya, na ya juu yako jirani na uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu.

Ninachokikataa ni jino la kijana wa miaka 16 kung'olewa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Dokta yule wa Geita alitaja njia ya pili kabla hajaombwa. Wengine wana foleni ndefu nje ya mlango, na mgonjwa akisema "ling'oe" wanaling'oa. Ukikaa kwenye kiti kile una haki ya kusema, "Dokta, samahani, kuna namna ya kulibakiza? Na kama hapa haipo, iko wapi?" Hakuna daktari mwenye adabu atakayekasirika. Na ukigongwa jino leo, hata kama halikutoka, nenda likapigwe picha, kisha lipigwe tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu kiini huchukua muda kufa.

Najua kuna msomaji amekuwa akingoja kuuliza: hiyo ncha iliyokatwa inakwenda wapi?

Ncha yenyewe ni taka ya hospitali, inakwenda na pamba zenye damu kuteketezwa. Wako vijana wanaoomba wapewe, na wengine hupewa ndani ya kichupa. Ina ukubwa wa punje ya mtama. Ile nyama laini ndiyo yenye safari. Hutumbukizwa kwenye fomalini, ikapelekwa maabara, ikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa na daktari mwingine ambaye hajawahi kumwona mgonjwa. Yeye ndiye husema kama ilikuwa nyama ya kawaida ya kupambana na bakteria, ambayo ndiyo huwa mara nyingi, au kilikuwa kifuko. Majibu hukawia wiki kadhaa. Ya kijana wetu, kwa kuwa nimemtunga mimi, yalirudi mapema.